Mungu Analijua Swali Lako, Sisi Hatulijui

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kusoma na vidole vya kuandika, ingawa magoti yananung'unika kila nikiinuka. Sifa zote ni zake. Alinipa kazi moja tu maishani, kufundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Eldoret, akanishikilia humo mpaka nywele zikaisha kichwani. Hakuniacha nilale njaa, wala hakuniacha nipoteze akili, ingawa wanafunzi wangu walijitahidi.

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie kitu kimoja cha kuwasaidia kazini. Najua mngependa niwaambie mjifunze lugha gani ya programu. Sijui. Lugha nilizofundisha mimi zimekufa, na nyingine hazikufanyiwa hata matanga. Nitawaambia kitu ambacho hakijazeeka, nacho ni namna ya kuuliza swali. Mkiona ni jambo dogo, subirini.

Nitaanzia kanisani, kwa sababu huko ndiko nilikolielewa.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, watu husimama mmoja mmoja kutaja mambo wanayotaka kuombewa. Alikuwepo mama mmoja, Mama Tabitha, ambaye kila Jumapili alisimama na kitambaa chake cheupe kichwani akasema, "Bwana asifiwe. Nina ombi. Mungu analijua." Kisha anaketi.

Basi tungeomba. Mchungaji alianzia na magonjwa, akaenda kwa watoto walio mbali, akapita mashambani, akarudi kwa maadui wanaojulikana na wasiojulikana. Tulimwombea Mama Tabitha msimu mzima wa mvua. Jumapili iliyofuata anasimama tena. "Nina ombi. Mungu analijua."

Siku moja mchungaji akachoka. Akasema kwa upole, "Mama, ni kweli Mungu analijua. Lakini sisi tunapapasa gizani. Tupatie hata mkia wake tushike."

Mama Tabitha akainama. "Basi mkia upo, Mchungaji. Ni ng'ombe."

Ilikuwa hivi: ng'ombe wake chuchu moja imevimba, na kila anayejaribu kumkamua anapigwa teke. Kanisa zima likageuka kutazama benchi la nyuma yake, kwa sababu hapo, Jumapili zote hizo, alikuwa ameketi daktari wa mifugo. Naye alikuwa akimwombea apone kifua.

"Mama, si ungesema tu?" daktari akauliza.

"Ningeanzaje kutaja chuchu ndani ya kanisa?"

Ng'ombe alipona wiki hiyohiyo. Mungu alikuwa amekwisha kujibu zamani. Alikuwa ameliweka jibu benchi la nyuma.

Mkiweza kukumbuka ng'ombe huyo, nusu ya kazi yangu imekwisha. Sasa niwaeleze habari za Mwangi.

Mwangi alikuwa mwenzangu chuoni. Mimi nilifundisha darasani, yeye alizitunza mashine na kuzirekebisha programu zilizovurugika. Kwao ni upande wa Nyahururu, lakini alikuja huku akiwa kijana na akanunua kiploti Kapsoya, mtaa wa hapa mjini. Nyumba alikuwa ameifikisha kwenye msingi. Kila mwezi alikuwa akinieleza sebule itakuwa wapi, na kila mwezi sebule ilikuwa inazidi kuwa kubwa.

Siku hizo hatukuwa na desturi ya kuuliza swali. Tulikuwa na desturi ya kuita mtu. "Kuja uone," ndiyo ilikuwa njia pekee. Mtu akishindwa na programu anafunga kompyuta yake kwa blanketi, anaipakia kwenye boda boda akiikumbatia kama mgonjwa, anamletea Mwangi: "Imekataa." Jamaa mmoja alitoka Turbo na skrini peke yake. Akaiweka mezani. "Mzee, kosa linaonekana hapa."

Mwangi akaipokea kwa heshima zote, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Ndugu yangu," akasema, "umeniletea kioo. Uso umeuacha nyumbani."

Ukifika na mashine nzima, Mwangi hakuigusa. Aliketi kando na kikombe chake cha chai na kusema neno moja tu, "Nionyeshe." Unaanza kumwonyesha. Hapa niliandika hivi, hapa nikabadilisha hivi, halafu hapa... Ukifika katikati unanyamaza, unajishika kichwa, "Aaa!" Umeliona kosa mwenyewe. Mwangi anameza funda la mwisho. "Chai yangu ina dawa," anasema, naye anaondoka.

Kisha ukaja ule uchaguzi. Yaliyofuata mnayajua, na kama hamyajui waulizeni wazazi wenu kwa upole, wakiwa wameshiba. Mimi nitasema machache tu. Kulikuwa na moshi. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, na watu waliozoea kuulizana habari za mvua wakaanza kuulizana majina ya baba zao, wajue nani ni wa kabila gani.

Mwangi, mke wake Mama Njoki na watoto walilala kituo cha polisi, kisha likapatikana lori la kwenda Nyahururu. Nilimpelekea mkate na blanketi. Alijaribu kunichekesha, maana ndivyo alivyoumbwa. "Mwalimu," akasema, "mara hii imekataa kabisa."

Nilimshika mkono.

Alipopanda akainama akaniambia, "Eldoret mimi sirudi. Na usiniulize."

Sikumwuliza.

Chuo kilipofunguliwa, wanafunzi walirudi kwa uchache, wakikaa mmoja hapa mmoja kule. Mashine zilikuwa salama lakini programu zilikuwa zinakataa, na mtu wa kuitwa aje aone hakuwepo. Ndipo nikafungua jukwaa dogo kwenye intaneti, ukurasa wa maswali na majibu tu, nikamwandikia Mwangi: wanafunzi wakiuliza huko, utawajibu? Akajibu kwamba yuko tu kwa mjomba wake anapanda viazi, na kwamba kilimani sokoni kuna saiba, duka la intaneti. Angekuwa akipanda mara moja moja kutazama.

Niwaambie ukweli wa moyo wangu. Majibu ya programu niliyahitaji, ndiyo. Lakini zaidi nilitaka ile kamba isikatike. Nilijua Mwangi akiacha kutujibu, hana tena neno lolote na mji huu.

Siku ya kwanza mwanafunzi akaandika: "Hamjambo nyote? Natumaini mko salama kwa neema zake Mungu. Nina swali."

Basi. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wake.

Mwangi akapanda kilima akaandika, "Sijambo. Uliza." Akateremka. Alipopanda tena akakuta, "Asante sana mzee kwa kunijibu. Ni kuhusu programu."

Msiwacheke. Sisi watu wa huku tumelelewa hivyo. Huingii boma la mtu ukatupa shida yako mlangoni kama mzigo wa kuni. Unasalimia, unauliza habari za ng'ombe, unapewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, unasifu mursik, unalalamikia bei ya mbolea, na wakati unachukua kofia uondoke ndipo unasema, "Ee, kwa kweli kilichonileta..." Bomani ni adabu njema kabisa. Lakini jukwaani hakuna mursik, na mwenye boma amepanda kilima kwa miguu na analipia dakika.

Kulikuwa na Jeptoo, binti wa Turbo, mwerevu kuliko wote darasani. Swali lake la kwanza lilikuwa neno moja: "Imekataa."

Mwangi: "Imekataa nini? Hata punda akikataa, kuna kitu amekataa. Ni mzigo, ni njia, au ni mwenyewe?"

Jeptoo: "Ni ile ya jana."

Mwangi: "Jana mimi nilikuwa napanda viazi."

Mwingine akaona njia ya kujieleza vizuri ni kubandika programu yote, mwanzo hadi mwisho, kurasa na kurasa, na chini yake akaandika, "Kosa liko humo ndani." Huyo Mwangi alimjibu hivi: "Kijana, umenipa gunia zima la mahindi ukaniambia kuna dumuzi mmoja. Niletee dumuzi na punje yake." Wa tatu alipiga picha ya skrini kwa simu, na picha ikatoka nzuri sana ya kidole chake gumba.

Kisha siku moja nikapata ujumbe wangu peke yangu. "Mwalimu, leo nimepanda na mvua. Nimelipa, nimefungua, nimekuta darasa lako lote linanisalimu. Nimewasalimu wote. Dakika zimeisha. Nafikiri tuache hii kitu."

Niliusoma mara nyingi. Mke wangu aliponiuliza mbona sili, nilimwambia ni jino. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu, Baba, huyu mtu usimwache akatike. Na hata mimi, mkiangalia vizuri, sikumwambia Mungu nataka afanye nini.

Jumapili iliyofuata ndiyo ile Mama Tabitha alimtaja ng'ombe wake.

Wimbo wa kufunga sikuusikia. Nilikuwa natazama lile benchi la nyuma. Jumatatu asubuhi niliandika kwenye ubao wa maabara kwa herufi kubwa: MUNGU ANALIJUA SWALI LAKO. SISI HATULIJUI. Chini yake nikaandika mambo manne. Ulitaka nini. Ulifanya nini. Ulitazamia nini. Uliona nini.

"Na ukiandika," nikawaambia, "mwandikie mtu ambaye jana hakuwepo, leo hawezi kuja, na amesimama kwenye mvua."

Jeptoo akainua mkono. "Mwalimu, sasa si hiyo ni madharau? Nianze tu na shida yangu kwa mtu mzima?"

"Salimia. Nani amekukataza? Lakini salamu na swali ziingie pamoja mlango mmoja. Usiache swali likingoja nje kwa jirani."

"Na kama sijui shida ni nini? Si ningekuwa nimeitengeneza?"

"Ukienda kwa daktari, yeye anakuuliza ugonjwa?"

"Ananiuliza naumwa wapi."

"Basi sema unaumwa wapi. Ugonjwa mwachie yeye."

Maneno hayatoshi, hilo mtalijua mkianza kufundisha. Ubao wangu waliusoma, wakaitikia, wakaenda kuandika "Imekataa" kwa herufi kubwa. Kwa hivyo nikabuni zoezi. Kila mwenye swali analiandika kwenye karatasi pamoja na mistari michache kabisa ya programu inayotosha kuonyesha kosa. Anampa mwenzake. Mwenzake anaingia chumba cha pili, kwenye mashine ambayo haina kitu, anafuata karatasi peke yake bila kuuliza neno. Kosa likitokea kule pia, swali limesimama na linaweza kwenda jukwaani. Lisipotokea, karatasi inarudi.

Nilimweka Jeptoo na Nyambura, ambaye kwao walifukuzwa kama akina Mwangi na walikuwa bado wanalala hemani. Hawakuwa wameongea tangu chuo kifunguliwe. Nyambura akaenda chumba cha pili na karatasi. Baada ya muda tukasikia sauti.

"Hapa inafanya kazi!"

"Haiwezi kufanya kazi!" Jeptoo akapaza sauti.

"Inafanya! Hata ni safi!"

"We Nyambura, irudie! Iharibu vizuri!"

Karatasi ilikwenda na kurudi mpaka ikachoka. Jeptoo alikuwa amesahau kutaja faili moja. Kisha akawa amesahau kusema anaipa programu majina gani. Mara ya mwisho ukatoka ukelele kule ndani uliomshtua hata mlinzi wa lango. "Imekataa! Jeptoo, imekataa! Imekataa hata huku kwangu!"

Nyambura akatoka mbio na wawili hao wakakumbatiana katikati ya maabara, wakirukaruka kwa furaha ya programu isiyofanya kazi. Nilijifanya natafuta chaki. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa kosa la kompyuta kama siku ile.

Swali lenyewe lilikwenda hivi, na bado nalikumbuka: "Shikamoo Mzee Mwangi. Nilitaka programu ichape orodha ya majina. Nilitazamia yote yatoke. Jina la mwisho halitoki. Nimepunguza orodha mpaka majina mawili, linatoka la kwanza tu. Mistari yote ni hii hapa chini. Nyambura ameijaribu kwa mashine nyingine, ni vilevile."

Mwangi akajibu kwa kupanda kilima mara moja tu. "Marahaba. Mzunguko wako unaanza sifuri vizuri lakini unasimama kabla ya kufika mwisho. Usogeze hatua moja. Na asante kwa dumuzi."

Baada ya hapo mambo yaligeuka mpaka yakanichekesha. Wanafunzi walianza kuandika swali vizuri, na wakiwa katikati ya kuandika wanajishika kichwa, "Aaa!" Jeptoo alikuja kwangu amenuna. "Mwalimu, nimepata jibu kabla ya kutuma. Sasa nitume nini?"

"Tuma vyote viwili. Kuna mwenzako anakuja nyuma yako na hajui."

Haikupita muda mrefu nikapata malalamiko kutoka Nyahururu. "Mwalimu, leo nimepanda kilima chote sikukuta kazi. Watu wako wamejijibu wenyewe. Mnanifuta kazi?" Lakini aliendelea kupanda. Hata siku zisizo na swali alikuwa anaingia, anaandika, "Leo nani ana dumuzi?" na kuondoka. Kamba ilishika. Kwa miaka ilishika. Ila jambo moja hatukuligusa. Mtu akisahau akamwandikia, "Mzee, ukifika Eldoret...", Mwangi hakujibu ujumbe huo, hata kama ulikuwa na swali zuri.

Sasa nawarukisha miaka. Saiba ya Nyahururu imefungwa, Mwangi ana intaneti kwenye simu, Jeptoo amekuwa mwalimu, na dawati lake liko kando ya langu. Alasiri moja akaniita kwa lile neno la zamani. "Mwalimu, kuja uone."

Mwangi alikuwa ameweka swali jukwaani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza, alikuwa anajibu tu. Swali lilisema:

"Hamjambo nyote? Nina swali."

Na mwisho wake ulikuwa hapo.

Ee, jukwaa lililipuka! Wanafunzi wa zamani waliotawanyika kila mji wakajitokeza kama kumbikumbi baada ya mvua. "Mzee, Mungu analijua, sisi hatulijui!" "Lete dumuzi na punje yake!" "Umetuletea kioo, uso umeuacha nyumbani!" Nyambura, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, akaandika, "Jana sisi tulikuwa tunapanda viazi." Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Mwangi hakujibu. Hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Kicheko kilianza kunikwama. Nilijiuliza kama tumemcheka mtu aliyekuwa anabisha hodi. Kisha likaja, na nitaliandika vile lilivyokuwa.

"Nilitaka: kumaliza nyumba yangu ya Kapsoya.

Nilichofanya: niliweka msingi, kisha nikaondoka kama mjuavyo. Tangu wakati huo nimepanda gari la kuja huko zaidi ya mara moja. Kila mara nimeshuka njiani nikarudi.

Nilichotazamia: kwamba miaka ikipita nitasahau.

Nilichoona: sijasahau. Mke wangu akisema 'nyumbani' bado anamaanisha huko.

Nimepunguza swali mpaka likabaki hili. Nikija mchana, na fundi mmoja na koleo, jirani atanisalimia?"

Hakuna aliyecheka. Mara "Karibu sana mzee" zikaanza kumiminika, na nyoyo zao zilikuwa njema. Lakini nilizizuia. Jukwaani kwetu kulikuwa na sheria moja ya mwenye kujibu, nayo Mwangi mwenyewe aliifundisha: hujibu mpaka ujaribu kwenye mashine yako. Aliyekaa Nairobi hawezi kumkaribisha mtu Kapsoya.

Kwa hivyo mimi na Jeptoo tukachukua boda boda, tukaenda kujaribu.

Msingi ulikuwepo. Haukuibiwa hata jiwe. Ila ndani yake, chumba kwa chumba, kulikuwa kumestawi sukuma wiki za kiwango cha maonyesho ya kilimo. Tulipokuwa tumesimama tukishangaa, jirani akatoka mbio akifunga leso. Ni Mama Chebet, ninayemfahamu tangu zamani.

"Mwalimu, usiniangalie hivyo. Nilikuwa nautunza."

"Kwa sukuma?"

"Msingi uliolimwa hauwezi kugeuzwa jaa. Nani atatupa takataka kwa shamba la mtu?" Akaonyesha kwa kidole. "Hiyo sebule ndiyo nzuri zaidi. Ni kubwa."

"Alikuwa akiniambia," nikasema.

Jeptoo alicheka mpaka akaketi juu ya ukuta wa msingi. Mimi nikamweleza Mama Chebet swali letu, neno kwa neno kama lilivyoandikwa. Uso wake ukabadilika. Akainama akalisugua jani la sukuma kwa kidole kana kwamba lina vumbi.

"Siku ile Mama Njoki aliniita," akasema. "Aliniita kwa jina. Nikafunga mlango. Niliogopa, Mwalimu, lakini niliufunga." Akaliachia jani. "Mwandikie hilo pia. Usiandike tu ati karibu. Mwambie akija, mimi ndiye nitasalimia kwanza. Kunijibu ni juu yao."

Tuliendelea nyumba kwa nyumba. Wengi walisema aje, na kuna aliyetaka kujua kama bado anatengeneza redio. Mzee mmoja wa upande wa pili wa barabara alitusikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaingia kwake bila neno.

Jioni niliandika jibu. "Mwangi, nimejaribu hapa. Msingi upo. Chumba cha kulala kina sukuma, na sebule ina sukuma nyingi zaidi kwa sababu ya ukubwa wake usio wa lazima. Majirani niliowauliza wanasema uje, isipokuwa mmoja ambaye alinyamaza, nami sikumtafutia maneno. Mama Chebet anasema atakusalimia kwanza. Anasema pia kwamba Mama Njoki alimwita na yeye akafunga mlango, na akaniagiza nisikufiche. Nimeandika nilichoona. Sijaongeza kitu."

Jeptoo akaongeza chini yake, "Chai iko."

Mwangi akaandika, "Swali limejibiwa."

Alikuja Jumamosi, mchana, na fundi mmoja na koleo, kama alivyoandika. Mama Njoki alikuwa pamoja naye. Mama Chebet alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi akijifanya anafagia, na barabara ilikuwa imefagiliwa mpaka ikaanza kutoka udongo. Walipokaribia aliacha ufagio ukaanguka.

"Hamjambo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Mwangi alisimama. Aliyejibu ni Mama Njoki. "Hatujambo, Mama Chebet."

Sikujua kitakachofuata, na nadhani hakuna aliyejua. Mwangi akatazama sebule yake iliyojaa mboga, akatafuta mahali pa kuketi, akaketi juu ya ukuta. Jeptoo akampa kikombe cha chai. Akakishika kwa mikono miwili, akamwambia Mama Chebet lile neno moja.

"Nionyeshe."

Mama Chebet akaanza kuonyesha. Hapa nilianza na spinachi ikakauka, hapa nikaleta samadi, hapa watoto walikuwa wanapita nikaweka miiba. Akaenda hivyo chumba kwa chumba, na Mama Njoki akimfuata nyuma, mpaka akafika pale ambapo mlango wa mbele ungekuwa, ukitazamana na mlango wake. Hapo akanyamaza. Akajishika kichwa.

Mwangi hakugusa kitu. Aliketi akangoja, vile alivyokuwa akitungoja sisi wote. Mama Njoki akapita kando ya mume wake, akaenda akasimama karibu na Mama Chebet pale mlangoni pasipo na mlango, akamshika mkono. Walikaa hivyo. Kisha Mwangi akameza funda la mwisho, na nilimwona akitaka kusema ile ya dawa ya chai, akashindwa.

Fundi ndiye aliyetuokoa. "Sasa wazee," akauliza, "mimi nachimba wapi? Hapa ni nyumba ama ni shamba?"

"Ngoja mboga zikomae," Mama Njoki akamwambia.

Nyumba imekwisha sasa. Sebule ni kubwa kupita kiasi. Yule mzee wa upande wa pili alianza kuinua mkono akipita, na juzi alileta redio.

Basi vijana wangu, wewe unayesoma haya ukiwa umekwama na kazi yako, au umekwama na jambo lisilo la kompyuta kabisa: Mungu, ambaye analijua swali lako kabla hujafungua kinywa, akupe ujasiri wa kulitaja lote mbele za watu. Akupe mtu wa kupanda kilima kwa ajili yako, na jirani wa kukusalimia kwanza. Na ukiwa wewe ndiye uliyeketi benchi la nyuma na jibu mfukoni, akufungue masikio. Amina.